Ngeli

Saa mbili asubuhi niliandika ngeli ubaoni,
Darasa la Saba wakaitikia kwa sauti ya usingizi:
A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI.
Saa nane mchana nikarudi mbele ya ubao uleule,
kwa kuwa Mwalimu Nyamawi wa sayansi alishikwa na jino
akaenda Amu mjini kuling'oa.
Nikafungua kitabu chake pale alipokunja ukurasa,
na neno lililonikodolea macho ni lilo hilo: ngeli.

Himaya, faila, ngeli, oda,
familia, jenasi, spishi.
Vidato saba, nami nakijua cha tatu tu,
tena kwa jina.

"Ni ile ya asubuhi, mwalimu?"
Shekuwe Lali huyo, anayekaa nyuma kwa urefu wa miguu.
Nikamwambia ni neno moja, kazi mbili:
huku tunapanga majina, huku tunapanga wenye majina.
Lilitoka vizuri. Sikuwa na hakika nalo.

Hapo ndipo mdogo wake Famau alipochungulia dirishani:
jarife limenasa nguva.
Matondoni nzima haina mtaala wa kushindana na nguva.

Tulimkuta amelala ubavu kwenye matope ya mikoko,
wa kijivu, mzito kama godoro lililonyeshewa,
nyuzi zimemchora shingo.
Mselem alikuwa na kisu tayari.
"Samaki huyu," asema, "na samaki hatindwi."
"Samaki gani hana matamvua?"
Mwanashee muuza mabuyu, sinia bado kichwani.
"Mkia anao."
"Na popo ana mbawa. Ushamuona akitaga?"
Watu wakacheka, wakaacha.
Mwanashee akatua sinia, akapiga magoti topeni,
akainua pezi kama mtu amuinuaye mgonjwa mkono.
Kwapani, ziwa.
Akalibonyeza kwa kidole gumba.
Tone moja, jeupe, likateremka taratibu
likaingia matopeni.

Nilimwachisha Rukia wangu mwezi wa Rajabu.
Kifua kilinisisimka pale pale, mbele ya wanafunzi,
nikakunja mikono juu ya buibui.

Shekuwe alikuwa ameandika, daftari juu ya goti:
Ngeli: mamalia.
Chini yake, bila kuulizwa: ndovu, punda, paka wa sokoni, popo, mama.
Akasita, akaongeza: Mselem.

Naye Mselem, kisu mkononi, akang'aka:
"Basi na liwe liwalo! Limekufa hili, litaoza hili!"

"Umesema hili," Shekuwe akamwambia.
"Awali ulisema huyu."

Hakuna aliyecheka.
Mimi ndiye niliyewafundisha asubuhi
kwamba kiroboto ana A yake, kifaranga ana A yake,
kipofu, kiwete, chochote chenye roho
hata kikivaa KI cha kiti na kisu.
Sikuwafundisha kwamba mtu anaweza kukuhamisha
kwa silabi moja, ukiwa bado una joto,
kutoka ngeli ya wanaonyonyesha
hadi ngeli ya jiwe na jembe,
ili kisu kipite.

Kisu kilirudi alani. Sisemi ni kwa sababu ya sarufi;
askari wa wanyamapori walikuwa wameshapigiwa simu.
Walimpima kwa utepe, wakaandika, akazikwa juu ya mstari wa maji.
Mwanashee alibaki akitazama mkondo, hakusema anatazama nini.
Sote tulijua. Ziwa haliji maziwa bure.

Siku ya pili Mwalimu Nyamawi alikuja na pamba shavuni.
"Uliwafunza nini?"
"Ngeli."
"Ulifika wapi?"
Nikamwonyesha daftari la Shekuwe, zoezi la kujaza pengo:

Nguva alizikwa jana.
Mzoga ulizikwa jana.

Zote mbili nimezitia vyema,
na kalamu nyekundu imekauka juu ya ya tatu:
Ndama wake ...... wapi?